Mwanangu Ndani ya Folda ya Afande

Nilimpima mwanangu amelala. Hilo ndilo kosa langu, na sitalizungushia maneno.

Alikuwa msichana wa miaka mitano. Ilikuwa saa nane mchana, kwenye mkeka, chumbani kwetu Namatala, mdomo wazi, jasho shingoni. Siku mbili nzima nilikuwa namfukuza asimame wima, mikono ameinyoosha pembeni kama kanzu iliyoanikwa. Anacheka, anakimbia, ananiambia, "Mama, mimi si nguo." Basi alipolala nikachukua tepu ya fundi. Kisigino mpaka utosi. Bega mpaka bega. Nyonga mpaka goti. Namba nikaziandika kiganjani kwa kalamu.

Nyanya yangu, haboba kama tunavyomwita kwetu, aliingia na birika la kutawadha. Birika likamtoka mkononi.

"Unafanya nini?"

"Napima, haboba. Ni ya kazi."

"Anayepimwa amelala ni nani? Ni nani?" Alikuwa anapiga kelele huku sauti haitoki. "Ni maiti! Umempimia kaburi mtoto, tena umeandika mkononi mwako mwenyewe!"

Sisi ni wajukuu wa askari waliotoka Sudan, na kwetu aliye hai hupimwa amesimama. Fundi akija kupima nguo za Idi atakuamsha hata kama una homa. Anayepimwa chini ni yule anayekatiwa sanda na kuchimbiwa. Haboba alinishika mkono akausugua kwa jivu na maji mpaka kiganja kikawasha. Mimi sikuogopa, niliudhika tu. Nimesoma mpaka sinia ya nne ya sekondari, nina kazi ya kompyuta, na hizo namba nilikuwa nimeshazishika kichwani.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Afande, mzee aliyetumika jeshini upande wa magari, alipostaafu alifungua ofisi Mbale mjini, juu ya duka la spea. Anatengeneza picha za ajali kwa ajili ya mawakili: gari lilikuwa wapi, mtu alikuwa wapi, nani aliona nini. Anasema Kiswahili, ambacho huku ni lugha ya askari, muda wote, na kwa sauti ya gwaride. Wiki niliyoanza, washona viatu wa chini walikuwa wakimsikia wananyamaza. Mmoja akaniuliza pembeni, "Dada, huko juu mmekamatwa?"

Kwenye kompyuta tunatumia programu ya kuweka watu mikao. Unachagua mtu, unamkunja goti, unamgeuza shingo, unamlaza, unamkimbiza. Mtu huyo si picha. Ni wavu, vijipande vidogo vya pembe nne vimeshikana, nukta kwa nukta, vinazunguka hewa tupu. Ndani hamna kitu. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba faili la mtu halina mwili. Lina maneno tu: viungo viko hapa, ngozi ni hii, na mwili nenda ukauchukue kwenye folda fulani. Ukiuhamisha mwili, mtu anafunguka hana kitu, na programu inakuuliza umeuweka wapi.

Nilipofika pale mafaili yalikuwa kama soko la nguo kuukuu. Nyavu zimechanganyika na mikao, magari yamelala na miguu ya watu. Mimi ndiye niliyepanga. Folda ya Nyavu, folda ya Watu, folda ya Mikao, folda ya Magari. Nilijisikia mkubwa. Ndani ya Watu kulikuwa na wanaume, wanawake, wazee, na mtoto mmoja tu, yule aliyekuja na programu, mtoto wa Kizungu mwenye mashavu kama maandazi. Wakili mmoja alimwangalia akasema, "Huyu mtoto wa wapi? Jaji atacheka."

Afande akaniambia, "Mama, wewe uko na mtoto nyumbani. Tengeneza moja ya huku."

Nikatengeneza. Nikachukua wavu wa yule wa Kizungu, nikauvuta nukta kwa nukta mpaka ukawa mwanangu. Miguu yake myembamba. Kisogo chake. Kitovu kilichotokeza. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mjinga. Nikaupa jina "mtoto", nikauweka kwenye Nyavu, nikapokea shukrani, nikaenda nyumbani. Sikuwaza kwamba kitu ukishakiweka kwenye folda ya kazi, ni cha kazi.

Miezi ikapita. Ikaja kesi ya Busiu, nje kidogo ya Mbale.

Lori la mahindi lilikuwa limesimama mbele ya ghala, injini inanguruma. Dereva akaondoa gari. Mbele ya boneti kulikuwa na mtoto wa kiume, miaka sita. Dereva alisema mtoto alikuwa mfupi mno, kutoka kwenye kile kiti hakuna binadamu angemwona. Wakili wa mama wa mtoto, ambaye ofisi yake iko Jinja, alitaka picha kutoka kwenye jicho la dereva. Kesi nzima ilikuwa imesimama juu ya urefu wa mtoto.

Afande alipanga mandhari tatu mwenyewe siku ambayo mimi sikuja. Asubuhi iliyofuata nikafungua ya tatu ili niweke mwanga.

Mwanangu alikuwa amelala ubavu kando ya tairi.

Hakukuwa na damu. Hatuweki damu, mahakama haitaki. Alikuwa amelala tu, mkono chini ya shavu, magoti yamekunjwa kidogo, mdomo wazi. Hivyo hivyo nilivyomwacha kwenye mkeka saa mbili kabla.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka niko kwenye bodaboda na mwenye boda ananiambia, "Mama, acha kunibana shingo, tutaanguka wote." Nilimkuta mwanangu mlangoni anabishana na kuku. Nilimshika nikamgeuza nyuma na mbele, nikamtazama utosi, magoti, nyayo. Haboba alikuwa anachambua maharage. Aliniangalia mpaka nikajua amejua.

Nilirudi ofisini nikaenda moja kwa moja kwenye Nyavu, nikalifuta lile faili. Kisha nikafungua mandhari ili nione ametoka. Kikaja kisanduku cha kijivu: mwili haupatikani, uko wapi? Nikafungua ya pili. Uko wapi? Ya kwanza. Uko wapi? Nilikaa pale mashine inaniuliza mwanangu yuko wapi.

Afande akaingia na kikombe chake.

"Mandhari yangu imeenda wapi?"

"Nimetoa mtoto wangu, afande."

"Mtoto gani? Hapa hakuna mtoto ya mtu. Hapa iko faili."

"Umemlaza chini ya lori!"

"Nimelaza faili!" Akaweka kikombe kwa kishindo. "Miaka ishirini nimeona watu wamelala kweli. Wewe unalia kwa sababu ya wavu? Rudisha."

"Sirudishi."

"Rudisha, mama. Ile mama ya Busiu anakuja kesho. Utamwambia nini? Kwamba mtoto yake hawezi kuwa kwa picha kwa sababu yako ni mzuri sana?"

Hapo alinipata. Nilimchukia, lakini alinipata. Nikalitoa faili kwenye pipa la taka la kompyuta, nikalirudisha mahali pake, na mandhari zote tatu zikajaa mwili tena papo hapo, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha akaniamuru niweke jicho kwenye kiti cha dereva. Nikaweka. Tukaona boneti, na ukuta wa ghala, basi.

"Ameonekana?"

"Hapana."

"Basi kesi imekufa," akasema, akanywa chai.

Kesho yake mama wa Busiu alikuja. Umri wetu ulikuwa sawa kabisa, hilo ndilo lililoniuma. Leso kichwani, nyingine kiunoni, viatu vya mpira vyenye tope la shambani. Alikaa mbele ya kioo, nikamfungulia ile ya kwanza, mtoto amesimama mbele ya lori. Akakisogelea kioo.

"Huyu ni nani?"

Afande akasema, "Huyo ni mtoto yako, mama. Kwa mfano."

"Huyu si wangu. Huyu ni msichana, tena mfupi. Wangu alikuwa ananifika hapa." Akaweka mkono chini ya titi.

"Mama, mahakama haipimi na titi."

Mimi nilimwona afande anajuta kabla hajafunga mdomo. Yule mama alifungua fundo la leso yake ya kiunoni, polepole, akatoa kamba ya katani iliyosokotwa, ina mafundo mawili. Akaiweka juu ya kibodi.

"Hii ndiyo waliyompimia. Shemeji alitaka kuiacha kaburini, nikaificha. Fundo hili kisigino. Fundo hili utosi."

Sikutaka kuigusa. Naandika ukweli: kama angeniambia niguse moto ningeanza na moto. Lakini afande alikuwa anaangalia dirishani, na mama ananitazama mimi, kwa hiyo nikaichukua nikainyoosha juu ya meza. Sentimita mia moja kumi na tisa. Mwanangu alikuwa mia moja na saba.

Afande akasema, "Mkuze tu. Bonyeza asilimia, atakua."

"Ukimkuza hivyo kichwa nacho kinakua, afande. Wakili wa upande ule atauliza kichwa cha namna hii kimetoka wapi. Lazima avutwe."

Nilipoyasema ndipo nilipoelewa ni nani atakayevutwa.

Maana kulikuwa na njia moja tu ya kufanya kazi safi. Huwezi kuleta wavu mwingine ukauingiza kwenye mandhari zile, kwa sababu goti na kiwiko vinajua nukta zao kwa mpangilio. Ukiongeza nukta moja, goti linaenda shingoni. Unachukua wavu uleule, nukta zilezile, huongezi, hupunguzi, unazisogeza tu. Unahifadhi kwa jina lilelile, mahali palepale. Ukifungua mandhari zote tatu zinachukua mwili mpya bila kujua. Kwa hiyo kumtoa mwanangu pale ilikuwa ni kumvuta, mfupa kwa mfupa, mpaka afike urefu wa kamba ya kaburi la mwenzake.

Mama wa Busiu alisema atangoja. Alikaa kwenye benchi, na mimi nikaanza na miguu.

Nilisoma Kulhuwallahu kila nilipogusa kiungo. Baada ya mguu wa kulia nikapiga simu nyumbani.

"Yuko wapi?"

"Anakula muwa," haboba akasema.

Baada ya mguu wa kushoto nikapiga tena. Baada ya kiwiliwili. Mara ya nne haboba akasema, "Binti, unafanya nini huko?"

"Kazi."

"Kazi gani ya kuniuliza mtoto kila dakika?"

"Mshike tu, haboba. Mshike mkono mpaka nikuambie umwachie."

Nadhani alimshika kweli, kwa sababu nilisikia mtoto analalamika nyuma.

Yule mama alikuwa ananielekeza kutoka kwenye benchi bila kuinuka. Mabega yake yalikuwa mapana. Shingo ilikuwa fupi, hapana, fupi zaidi, ndiyo. Masikio yake kama ya babu yake. Nilimwambia masikio hayahitajiki kwa kesi. Akasema, "Weka." Nikaweka. Saa saba nilikuwa nimemaliza. Nikapima juu ya kioo, mia moja kumi na tisa, si nukta zaidi. Nikahifadhi juu ya jina lilelile. Nikafunga kila kitu, nikafungua mandhari ya tatu.

Alikuwa bado ni mwanangu. Mkono chini ya shavu.

Nikafunga, nikafungua. Mwanangu. Nikazima kompyuta, nikawasha. Mwanangu, mfupi, kisogo kilekile, hajasogea. Nilihisi mkojo unataka kunitoka. Nikawaza, haboba amesema kweli, nimeshaziandika namba na hazifutiki. Afande alikuja akasimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. Alisema, "Hii ni nini sasa?" Nikasikia kwamba naye ameogopa, mtu wa miaka ishirini ya maiti, na hilo likaniongezea.

Hasira ndiyo iliyoniokoa. Nilisema siwezi kushindwa na mashine niliyoipanga mimi. Nikafungua folda ya Nyavu nikaangalia kila kitu kilichomo, hata vile vya kujificha. Kando ya faili la mwili kulikuwa na kifaili kidogo, jina lilelile, mkia mwingine. Programu hukitengeneza yenyewe. Mara ya kwanza inaposoma wavu, inaweka kumbukumbu pembeni ili isihangaike kuusoma tena. Mwili nilikuwa nimeubadilisha, lakini yenyewe iliona tu faili lipo, ikaendelea kula kiporo. Nikakifuta. Nikafungua.

Mtoto mwingine. Wa kiume, mabega mapana, masikio.

Mama wa Busiu aliinuka akaja karibu. Hakulia. Alisema jina la mtoto wake, mara moja, kama mtu anayeita chakula kiko tayari. Nikalipeleka jicho kwenye kiti cha dereva. Juu ya ukingo wa boneti kulikuwa na nywele, paji la uso, na macho mawili.

"Anamwona?" akaniuliza.

"Anamwona."

Akarudi kwenye benchi akakaa. "Kwa hiyo alimwona," akasema. Nilidhani atafurahi, maana hicho ndicho kilichomtoa Busiu. Alikunja ile kamba akairudisha kwenye fundo la leso, akaendelea kurudia, alimwona, kwa hiyo alimwona, mpaka afande akatoka nje.

Nilipompelekea afande diski ya kumpa wakili alikuwa kwenye ngazi anavuta sigara.

"Kazi nzuri, mama. Hii ipeleke Jinja wewe mwenyewe. Na uwaambie ile ya kwanza watupe."

"Ya kwanza ipi?"

"Library, zile folda zako. Niliwapa watu wa Jinja yote mwezi uliopita, watu, magari, kila kitu. Wao pia wako na hii programu."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mwanangu atajifunza kusoma. Alisimama akayapokea yote. Mwisho akasema tu, "Nenda Jinja."

Nilikwenda kesho yake. Ofisi ya wakili iko ghorofani. Karani ni mwanamke wa makamo, Msoga, mpole, kila neno lake linaanza na nyabo, yaani bibi, na upole wake ndio ulioniudhi.

"Nyabo, keti. Faili gani unatafuta?"

"Natafuta mtoto wangu."

Akacheka kidogo, kisha akaona sitanii. Akanigeuzia kioo. Folda zangu zilikuwapo, lakini zimevurugwa. Ndani ya Nyavu kulikuwa na "mtoto". Kulikuwa na "mtoto 2", "mtoto kopi", na "mtoto amekaa". Nilifungua moja moja. Wote walikuwa yeye. Amekaa juu ya pikipiki. Amesimama katikati ya barabara. Amelala tena, safari hii kifudifudi, sijui kwa kesi ya nani.

Nilifuta wote mbele yake, pamoja na vile vifaili vidogo vya pembeni. Karani akawa anasema taratibu, "Nyabo, hiyo ni kazi ya watu. Nyabo, mukubwa atariria." Nikamwambia na alilie, mimi nimeshalia.

"Kuna mwingine aliyechukua?"

Akapanga upya karatasi zake mezani.

"Mama, una watoto?"

"Wanne."

"Basi niambie."

Akakuna shingo. Walikuwa wawili, akasema. Mwenye duka la kuchapisha mabango, hapo chini mtaani. Na mwanamume mmoja kutoka Kampala aliyekuja na flashi, akaomba wale watu wa kompyuta, wakampa. Anafanya nini nao? Hajui. Alikuwa mtu mzuri, alileta soda.

Mwenye duka la mabango hakunisumbua. Alinisikiliza, akafungua mashine yake, akafuta nikiwa nimesimama begani kwake, akasema, "Pole, mama. Hata mimi nisingependa." Nilitaka kumpigia magoti nikajizuia.

Yule wa Kampala, karani alinipa namba yake. Nilimpigia nikiwa pale pale barabarani Jinja. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga jioni. Nikatuma ujumbe mrefu, nikaeleza kila kitu kwa adabu, nikaweka tafadhali mara tatu, mimi ambaye sisemi tafadhali kwa mtu. Haukujibiwa.

Mwanangu mzima. Haboba amemsomea, ameweka moshi wa ubani, ameacha kuniangalia vile. Mama wa Busiu kesi yake inaendelea, na mimi nimebaki na kazi yangu, kwa sababu afande hajapata mwingine anayejua kupanga folda. Watu wananiambia niache, ni wavu tu, ndani hamna kitu. Najua. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba ndani hamna kitu.

Nimepiga tena asubuhi ya leo, kabla sijaanza kuandika. Simu haijazimwa, namba haijabadilishwa. Inaita vizuri tu, mahali fulani mfukoni mwa mtu, na huyo mtu anaiangalia, na hapokei.